Kinachotokea Baada ya Kubofya Sakinisha

Ndugu zangu wasanidi, wafasiri, watunzaji wa vifurushi, na nyinyi mliokuja kwa sababu tu mnautumia mfumo huu kila siku, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie violesura na usakinishaji wa programu kwenye Linux. Kwa kawaida mambo haya mawili hupewa watu tofauti: mmoja huchora vitufe, mwingine hushughulikia vifurushi. Mimi nayaona ni jambo moja. Mtu anapohitaji programu mpya, ndipo mfumo endeshi unapomgeukia na kumwuliza: unaniruhusu niibadilishe kompyuta yako? Maneno yaliyoandikwa juu ya kitufe, kilichoonyeshwa na kilichofichwa, vyote vinaamua kama mtu huyo anajibu akijua anachokubali au anabahatisha. Naomba kutetea hoja moja tu leo. Swali hilo liulizwe kwa ukweli, kwa lugha inayoeleweka na anayeulizwa. Katika kurahisisha mambo tumefika mbali sana. Katika kuyaeleza bado tunadaiwa.

Turudi nyuma kidogo. Linus Torvalds alipoitangaza kerneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, mwezi Agosti 1991, aliyetaka kuitumia ilimlazimu ajikusanyie vipande mwenyewe, kerneli huku na zana za GNU kule. Kusakinisha programu kulimaanisha kupakua msimbo, kuufungua, kuendesha hati ya usanidi, kisha amri ya make ya kuugeuza msimbo kuwa programu, kisha make install ya kuiweka mahali pake. Mara nyingi kazi ilikatikia njiani kwa sababu maktaba fulani, yaani msimbo ambao programu inautegemea, haipo. Unaitafuta, unaipata, nayo inadai nyingine. Hata ukifanikiwa, faili zimetawanyika kwenye diski nzima na hakuna daftari linaloonyesha ipi ni ya programu ipi, kwa hiyo kuiondoa programu kulikuwa kugumu kuliko kuiweka.

Daftari hilo lililetwa na kifurushi. Debian, usambazaji (yaani Linux iliyokwisha kukusanywa pamoja na programu zake) ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ikawa na dpkg, chombo cha kushughulikia vifurushi. Red Hat, usambazaji mwingine, ikawa na RPM. Ndani ya kifurushi mna faili za programu, ndiyo, lakini thamani yake kubwa iko kwenye maelezo: jina, toleo, mtunzaji, na orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini APT, chombo cha Debian kinachofanya kazi juu ya dpkg, ikaongeza hatua iliyokosekana. Ikawa inazisoma orodha hizo yenyewe, inakwenda kwenye hazina, yaani ghala la vifurushi la usambazaji, inaleta kila kinachohitajika na kukipanga kwa utaratibu unaofaa. Apple ilipofungua duka lake la programu za simu mwaka 2008, watumiaji wa Debian walikuwa wamezoea kwa takriban miaka kumi kupata programu zao mahali pamoja, kwa amri moja, na kuzisasisha zote kwa mpigo. Debian 12 ina vifurushi zaidi ya 64,000.

Hazina naiheshimu mno, na sababu yenyewe haionekani kwenye skrini. Hazina huchapisha faili moja iliyotiwa saini ya kidijitali. Ndani ya faili hiyo mna hashi, yaani alama zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha mna hashi ya kila kifurushi. Kompyuta yako inao ufunguo wa kuihakiki ile saini. Mtu akibadilisha hata herufi moja ya kifurushi kikiwa njiani, hashi hazilingani na APT inakataa kukisakinisha. Ndiyo maana unaweza kupakua kutoka kwenye seva ya nakala usiyoijua kabisa, inayoendeshwa na watu usiowajua, na bado ukapata kilekile alichokitia saini mtunzaji wa hazina.

Juu ya hilo kuna subira. Kifurushi kipya huingia kwanza kwenye tawi la Debian lisilotulia, kisha kwenye la majaribio, ndipo siku moja kiwe sehemu ya toleo thabiti. Mwezi Machi 2024 tuliona faida yake. Andres Freund, msanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alishtuka kuona miunganisho ya SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ikichelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, mradi wa kubana faili, na aliyeupachika ni mtu aliyekuwa amejijengea imani ndani ya mradi huo kwa muda mrefu. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Kwenye Debian thabiti yalikuwa hayajafika. Subira ile ambayo watu huilalamikia, wakisema Debian ina programu za zamani, iliwakinga watu wengi ambao hawakujua kwamba walikuwa hatarini.

Sasa tutazame kwa karibu wakati wenyewe wa kuulizwa. Mtu anafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, anaandika sudo apt install na jina la programu. Kabla ya kugusa chochote, APT inamwandikia vifurushi vipya vitakavyoingia, vinavyopendekezwa, vitakavyosasishwa na vitakavyoondolewa. Inamwambia ukubwa wa kupakua na nafasi itakayotumika kwenye diski. Kisha inasimama, inamngoja aseme ndiyo au hapana. Nayapenda sana maandishi yale. Ni makavu, lakini hayafichi kitu. Tatizo lake ni kwamba yanamweleza mtu ambaye tayari anajua.

Kisa cha Novemba 2021 wengi wenu mnakikumbuka. Linus Sebastian, mwenye chaneli maarufu ya YouTube ya mambo ya kompyuta, alikuwa anaijaribu Linux kwa ajili ya michezo. Akachagua usambazaji wa Pop!_OS. Akafungua duka la programu, akabofya ili kusakinisha Steam, programu ya kununulia na kuchezea michezo. Duka likashindwa na kumwonyesha ujumbe wa hitilafu ambao haukumsaidia. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akatafuta maelekezo mtandaoni, akapata amri, akaiandika kwenye terminali. Siku hizo kulikuwa na kasoro katika vifurushi, na APT ikakokotoa kwamba ili Steam iingie, vifurushi vingi vitoke, pamoja na vya eneokazi lenyewe, yaani madirisha na menyu anazozitumia. Ikamwonya kwamba vifurushi muhimu vitaondolewa, asiendelee ila kama anajua hasa anachofanya, na kama ana uhakika aandike sentensi nzima: "Ndiyo, fanya ninavyosema!" Akaiandika. Madirisha yakatoweka, akabaki na skrini ya maandishi.

Wengi walisema alionywa, basi makosa ni yake. Siungi mkono maneno hayo hata kidogo. Tazameni alichokiona: mafungu ya majina kwa herufi ndogo, na miongoni mwake limo pop-desktop. Kwa anayejua, jina hilo peke yake linatosha kumfanya aondoe vidole kwenye kibodi. Kwa asiyejua, ni neno moja zaidi katika orodha asiyoelewa nusu yake. Tena alikuwa ametoka kwenye duka lililomkatalia bila sababu, kwa hiyo aliamini kwamba kinachogoma ni mfumo, na kwamba sentensi ile ndiyo njia ya kuulazimisha. Onyo lilikuwa la kweli na halikueleweka. Lingesema hivi: ukiendelea, menyu, madirisha na skrini ya kuingilia vitaondolewa, na kompyuta itabaki na maandishi matupu. Naamini angeacha.

Na duka je? Duka lilikuwa sahihi kukataa! Ndilo jambo linaloniuma zaidi katika kisa kile. Kiolesura cha picha kilimlinda, lakini kwa kuwa hakikumwambia kinamlinda na nini, kilimsukuma kwenda kwenye chombo chenye nguvu zaidi na kinga chache zaidi. Waliotengeneza Pop!_OS walirekebisha vifurushi upesi, na toleo la APT lililotoka mwezi huohuo likaacha kuondoa vifurushi muhimu kwa sababu tu ya kutatua utegemezi. Nawapongeza. Hata hivyo, kumzuia mtu asianguke ni kazi moja na kumweleza alipo ni kazi nyingine, na hii ya pili ndiyo tunayoiahirisha kila toleo.

Hapa niwatetee kidogo wanaotoa msaada kwa amri. Mgeni akiuliza namna ya kusakinisha kitu, hujibiwa kwa mstari wa terminali, na wapo wanaodhani huko ni kujigamba. Sababu yenyewe ni nyingine: maeneokazi ya Linux ni mengi, na kila moja hubadilika. KDE ilitangazwa mwaka 1996. GNOME ikaanzishwa mwaka 1997, kwa kiasi kikubwa kwa sababu leseni ya Qt, zana za kujengea madirisha zilizotumiwa na KDE wakati huo haikuwa huria. Xfce nayo ni ya zama hizohizo. GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011 na kubadilisha karibu kila kitu machoni, waliopenda sura ya zamani wakaiendeleza kama MATE, na Linux Mint ikajenga Cinnamon. Ubuntu ikawa na Unity mpaka ilipoiacha na kurudi GNOME mwaka 2017. Katika mazingira kama hayo, utamwambiaje mtu usiyeona skrini yake abofye wapi? Kitufe kilichokuwa juu kulia mwaka juzi leo kimehamia ndani ya menyu. Amri haihami, unaweza kuinakili bila kukosea, na matokeo yake anaweza kukurudishia neno kwa neno.

Wingi wa maeneokazi sioni kama ugonjwa wa kutibiwa. Mwenye kompyuta ya zamani anapata Xfce nyepesi, anayetaka kurekebisha kila kona anapata KDE Plasma, anayetaka utulivu anapata GNOME. Hasara yake ipo, nayo ni hii: msaada umekimbilia kwenye terminali, na kwenye terminali mgeni hajui kutofautisha amri salama na amri hatari. Leo miradi mingi tu, hata ile inayoheshimika, inakwambia usakinishe kwa mstari unaopakua hati kwa chombo cha curl na kuipitisha moja kwa moja kwenye bash, programu inayotekeleza amri, yenye mamlaka ya msimamizi. Hakuna orodha ya vitakavyoingia. Hakuna daftari la kuondolea. Saini haihakikiwi, na swali haliulizwi. Tulihangaika miaka mingi kutoka huko, na tunarudi kwa sababu ni mstari mmoja unaopendeza kwenye ukurasa wa mradi. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ndiko huku, na ningependa kila mradi unaowakilishwa humu ndani uache kuwaelekeza watu hivyo.

Maduka ya programu yenye kiolesura cha picha yalikuja kuziba pengo. Synaptic iliwaonyesha watu vifurushi vyote na kila kitu kinachovihusu, na wengi ikawatisha. Ubuntu ikaleta kituo chake cha programu mwaka 2009. Maendeleo makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni AppStream, maelezo sanifu yanayoambatana na programu: jina linalosomeka, muhtasari, picha za skrini, tafsiri. Kwa sababu ya AppStream, GNOME Software na Discover ya KDE zinaweza kumwonyesha mtu programu anayoitafuta badala ya vifurushi kumi na viwili vinavyoiunda.

Lakini tazameni kilichotokea njiani. Katafute kivinjari dukani leo na huenda ukakikuta kimetoka sehemu mbili au tatu: kifurushi cha hazina, au Snap na Flatpak, mifumo mipya ya vifurushi isiyofungwa na usambazaji mmoja. Jina ni lilelile na aikoni ni ileile. Kinachotofautisha ni neno dogo pembeni linalomtaja anayekisambaza, na watu wengi hawalioni. Kimoja kitaingia kwenye mfumo na kusasishwa na usambazaji wako, kingine kitaishi ndani ya kizimba chake, kikiwa kimetengwa na mfumo, na kusasishwa na mtu mwingine. Tangu Ubuntu 22.04, ukiandika apt install firefox unaletewa kifurushi ambacho kazi yake ni kukusakinishia Snap. Zilikuwepo sababu nzuri, kwani Mozilla yenyewe ndiyo inayoitunza Snap hiyo na masasisho ya usalama yanawafikia watu haraka. Bado, aliyeandika apt aliomba kitu kimoja akapewa kingine, na hilo lilistahili kuulizwa waziwazi kabla ya kufanyika.

Msinielewe vibaya kuhusu mifumo hii mipya. Ilihitajika. Kwenye DebConf, mkutano wa Debian, ya mwaka 2014 Torvalds mwenyewe alilalamika kwamba kutengeneza programu ya eneokazi iliyokwisha kukusanywa, ili ifanye kazi kwenye kila usambazaji, ni mateso. Alikuwa akizungumzia Subsurface, programu ya kumbukumbu za wapiga mbizi aliyoianzisha. Msanidi mdogo hawezi kutengeneza kifurushi kwa kila usambazaji na kila toleo. AppImage, Snap na Flatpak zinampa njia ya kutengeneza mara moja. Pamoja na hayo zimeleta majukumu ambayo zamani yalibebwa na mtunzaji wa hazina. Mwaka 2018 kwenye duka la Snap ulikutwa mchezo uliokuwa na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali iliyofichwa ndani yake. Ulishaingia dukani, ukapewa kitufe sawa na wengine.

Kwa upande wa Flatpak nataka niwaonyeshe kiolesura ninachokiona kuwa bora kuliko vyote vilivyobuniwa kwenye mfumo wetu, na ni dirisha ambalo hakuna anayelitazama mara mbili. Programu iliyo ndani ya kizimba haina ruhusa ya kusoma folda zako. Unataka kufungua picha. Unabofya Fungua, na dirisha la kuchagua faili linatokea. Dirisha hilo si la programu. Limefunguliwa na eneokazi, nje ya kizimba, kupitia kinachoitwa lango. Wewe unaziona folda zako zote. Programu haioni hata moja. Unachagua picha, na hapo lango linaipa programu picha hiyo moja tu. Hujaulizwa kama unaruhusu ufikiaji wa hifadhi, na hujasoma sentensi ya kisheria. Kule kuchagua kwako ndiyo ruhusa yenyewe. Ni dirisha lilelile ambalo watu wamelitumia tangu waanze kutumia kompyuta, na limegeuzwa kuwa kinga bila kumwongezea mtu kazi yoyote. Nikilifikiria nafurahi kabisa.

Kinachosikitisha ni kwamba programu nyingi bado hazipiti langoni. Zinaomba folda yote ya nyumbani, na ruhusa hiyo inatolewa kimya wakati wa kusakinisha. Maduka yameanza kuweka alama ya usalama kwenye ukurasa wa programu, nayo inasaidia, lakini maneno kama "huenda si salama" hayamwambii mtu lolote. Mwambieni: programu hii inaweza kusoma na kufuta faili zako zote. Mtu mzima ataamua mwenyewe.

Kuhusu kuusakinisha mfumo wenyewe sitakaa sana, maana hapo tumefanya vizuri. Knoppix ilionyesha mwaka 2000 kwamba unaweza kuuwasha mfumo mzima kutoka kwenye CD bila kugusa diski. Mwaka 2006 Ubuntu 6.06 ikauweka usakinishaji ndani ya eneokazi hilohilo la majaribio, ukawa unaona kama sauti na mtandao vinafanya kazi kabla ya kuamua. Kuhusu mtandao, wengi waliosakinisha Debian kwenye kompyuta ya mkononi wakajikuta hawana Wi-Fi kwa sababu programu dhibiti ya kadi haikuwemo, walifarijika na kura ya wasanidi wa Debian ya mwaka 2022, iliyofanya Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ije nayo kwenye faili rasmi za usakinishaji. Waliopinga walikuwa na hoja ya msingi kuhusu uhuru wa programu, nami naiheshimu. Lakini mtu asiye na mtandao hawezi hata kupakua programu huria.

Skrini inayobaki kuogopesha ni ya kugawa diski. Ile inayotaja sda2 na nvme0n1p3, ext4 na GiB. Kabla ya kubofya kitufe kinachofuta diski, mtu aonyeshwe kilichomo sasa hivi: mfumo gani upo, sehemu ipi ina faili zake, na baada ya hatua hii kipi kitabaki. Baadhi ya visakinishi huchora mchoro wa kabla na baada. Vyote vifanye hivyo.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja la mwisho, kwa sababu nataka litoke nasi humu ndani. Kisakinishi cha Debian, kinachosemwa kila siku kuwa kimepitwa na wakati, hutoa mlio menyu yake ya kwanza inapokuwa tayari. Mtu asiyeona akisikia mlio huo anabonyeza herufi s, kisha Enter, na kisakinishi kinaanza kumsomea kila swali kwa sauti. Akiwa na kifaa cha Breli cha USB, kinatambuliwa chenyewe. Anagawa diski, anaweka nenosiri, anachagua eneokazi, bila mtu wa kumshika mkono, na mfumo ukiwaka kwa mara ya kwanza unakuwa tayari umesanidiwa kuzungumza naye. Hiyo ni kazi ya watu wachache waliojitolea, na inafanya kazi.

Kisha mtu huyohuyo anafungua duka la programu lililopambwa vizuri, na kisomaskrini kinamwambia: kitufe. Kitufe. Kitufe. Hakuna aliyekipa jina. Mwaka 2023 Sovereign Tech Fund ya Ujerumani iliipa GNOME euro milioni 1, na ufikivu, yaani kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia programu, ukawa miongoni mwa kazi zilizofadhiliwa, kwa hiyo fedha na nia vimeanza kukutana. Nyinyi hamhitaji kusubiri ufadhili. Kabla hamjatoa toleo lenu lijalo, zimeni skrini, washeni kisomaskrini cha Orca, na mjaribu kutafuta programu moja, kujua imetoka wapi, kuisakinisha na kuiondoa, kwa kibodi peke yake. Mahali mtakapokwama, andikeni ripoti ya hitilafu, mtaje ukurasa na kitufe ambacho hakikusomwa. Wafasiri, tafuteni katika orodha zenu ujumbe wote unaoanza na neno "Imeshindikana", mwulizeni msanidi sababu yake, na sababu hiyo iandikwe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na watunzaji wa vifurushi.